Pate, Vitabu Viwili Mkononi

Nilipoaga nyumbani Kitale kwamba naenda Pate, mama aliniuliza nina nani huko. Nikamjibu nina vitabu viwili. Cha kwanza ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, unaoulilia mji wa Pate ulioanguka. Cha pili ni The Dragonfly Sea, riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka mwaka 2019, inayomfuata msichana wa kisiwa cha Pate hadi China. Nilitamani kuona mahali palipozaa vyote viwili.

Pale Lamu boti ilikuwa tayari, abiria tayari, na bado hatukuondoka. Nahodha alisema tunangoja maji yajae, maana mlango wa Mkanda haupitiki maji yakipwa. Kwetu safari huzuiwa na matope ya masika. Sikuwahi kuona watu wakiingoja bahari. Walikaa juu ya magunia ya unga wakipiga soga, bila hata mmoja kulalamika. Maji yalipokuja tukapenya kati ya mikoko, matawi karibu yatuguse mabega, hadi tukashuka Mtangawanda na kumalizia njia kwa pikipiki.

Vichochoro vya Pate ni vyembamba. Punda akija, wewe unajibanza ukutani. Lakini kilichonishangaza kiko nyuma ya nyumba. Magofu ya mji wa zamani yamegeuzwa mashamba ya tumbaku! Sebule ya tajiri wa enzi ya Wanabahani, watawala wa zamani wa Pate, sasa ina matuta, na majani mapana ya kijani yanapanda hadi kiunoni mwa kuta za matumbawe. Ukuta mmoja ulikuwa umejaa vidaka, safu juu ya safu, kama sega la nyuki. Nikapitisha kidole kwenye nakshi za chokaa: bado ni laini. Humo walipanga sahani za China, na humo humo, asema mshairi, ndege wakaja kulala.

Shuleni tulifundishwa utenzi huu kama mawaidha ya kifo, nami nikaumaliza kwa woga. Mbele ya ukuta ule niliusikia vingine. Mtu anayeidharau dunia hawezi kuzikumbuka taa, vitanda na mito ya watu kwa uangalifu namna ile. Yapata mwaka 1812 Pate ilishindwa na Lamu katika vita vya Shela, na fahari yake haikurudi tena. Sayyid Abdalla aliipenda Pate, na naamini iliyomuuma zaidi ni ile nyumba yenyewe.

Mwenye shamba, mzee aliyekuwa akichuma majani, aliniona na kitabu. Nikamwamkia: "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akauliza ninasoma nini. Nilipomtajia, akaanza kuughani kwa moyo, mikono ikiendelea na kazi. Nilimsikiliza kwa furaha nisiyoweza kuieleza. Beti za majumba na taa alizivuta polepole. Za kaburini alizipita mbio.

Usiku nilimrudia Owuor. Riwaya yake ina mzizi wa kweli: mwaka 2005 binti mmoja wa kisiwa hiki alipata ufadhili wa kusoma China, kwa sababu ya masimulizi kwamba mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo karne ya 15 walioa huku. Ayaana, msichana wa riwaya hiyo, anaitazama bahari akimngoja baba asiyemjua, na baadaye bahari hiyo hiyo inamchukua. Sura za Pate zilinishika koo. Zile za ng'ambo nilizisoma kwa haraka, nikitaka arudi. Owuor anaijua harufu ya pwani kwa namna inayonitia wivu. Hata hivyo, ukinilazimisha kuchagua kimoja cha kubaki nacho, nitachukua utenzi, kwa kuwa sasa najua mahali pa kuupunguzia mwendo.

Asubuhi nikatafuta pikipiki ya kwenda Siyu.