Ng'ambo ya Ruvuma

Dereva wa bodaboda aliyenichukua Mtwara mjini alishindwa kuelewa nafuata nini Kilambo. Sina mzigo, sina jamaa Msumbiji, sinunui korosho. "Yaani unaenda kuangalia mto tu, kaka?" Nikamjibu kwamba mimi ni Mkatoliki na nina bahasha ya parokia ninayotaka kujua huwa inaenda wapi. Akacheka sana. Yeye ni Mwislamu, kama walivyo wengi wa pwani hii, lakini mambo ya michango anayajua.

Bahasha yenyewe ni ya Jumapili ya Umisionari, ile ya Oktoba, iliyowekwa na Papa Pius XI mwaka 1926. Kwenye jumuiya yetu Dar es Salaam mwenyekiti huigawa, tukaijaza, tukairudisha, na habari yake ikaishia hapo. Kichwani mwa wengi wetu mmisionari bado ni mzungu mwenye ndevu na kanzu nyeupe, na sisi ndio tuliofuatwa. Nilikuwa nimesikia kwamba watawa wa Abasia ya Ndanda wamevuka Ruvuma kwenda kuanzisha misheni Msumbiji. Mto huo nilikuwa sijawahi kuuona.

Ukitoka mjini mikorosho inakushika mapema, na haikuachii. Tulisimama mara moja kununua ming'oko ya kuchemsha kwa mama mmoja aliyekuwa ameipanga mafungu kwenye ungo, na alipoona naimenya kigeni akaninyang'anya, akanimenyea mwenyewe. Vumbi jekundu lilitufuata mpaka ardhi ilipoanza kuteremka, minazi ikaongezeka, yakatokea majaruba ya mpunga. Kilambo haina mbwembwe: ofisi za uhamiaji na forodha, vibanda vya chai, pikipiki zinazosubiri abiria, na kivuko kilichokuwa kimeegeshwa kikingoja maji.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Huku Ruvuma inaendeshwa na bahari. Maji yakijaa kivuko kinavuka, yakipwa mchanga unatokea katikati ya mto na kila mtu anakaa chini. Mzee mmoja mwenye mtumbwi, tuliyekubaliana naye anizungushe kidogo bila kuvuka mpaka, alichomeka upondo ndani ya maji mbali kabisa na kingo, akauchomoa, akanionyesha palipolowa. Hapakufika kiunoni mwake. "Juzi hapa palikuwa na kina, mjomba. Mchanga wa huku unahama usiku," alisema. Viboko aliwataja kama mtu anavyotaja majirani wakorofi, kwa saa zao na mahali pao.

Mchanga huo ndio uliomshinda Livingstone. Hotuba yake ya Cambridge ya mwaka 1857 ilizaa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, na Machi 1861 aliingia mto huu kwa meli ya Pioneer akiwa na askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie. Walitafuta njia ya kufika Ziwa Nyasa bila kupita kwa Wareno. Maji yalikuwa yakipungua, meli ikashindwa kuendelea, wakageuza kurudi baharini na kuzungukia Zambezi na Shire. Mackenzie alikufa kwa homa Januari 1862. Livingstone alirudi kwenye ghuba ya mto huu Machi 1866 akiwa na ngamia, nyati, baghala na punda. Mikoko ikawanyima pa kuteremkia, akalazimika kwenda kushukia Mikindani. Watu huenda Mikindani kuonyeshwa alikopita. Sijui kwa nini hakuna anayeletwa Kilambo kuonyeshwa aliposhindwa.

Mlango wa umisionari kusini ulipofunguka, waliouingia mwanzoni hawakuwa wazungu watupu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakatembea hadi Masasi na kujenga kijiji cha Kikristo. Wengi wao asili yao ilikuwa bara. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi, misheni ikatawanyika, baadhi wakahamia Newala. Miaka minane baadaye, 1890, Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Kituo chake kilikuwa Chitangali, kwa Wayao wenzake. Kwangu mimi historia ya umisionari wa kusini ingeanza na huyo, na Livingstone angesubiri sura ya pili.

Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walikuja baadaye kidogo, kutoka Ujerumani. Vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao vilichomwa katika Maji Maji mwaka 1905, na hilo halishangazi sana: mkulima aliyepigwa viboko shambani kwa pamba ya Mjerumani asingeweza kirahisi kumtofautisha mmisionari na bwana shauri. Mwaka uliofuata wakaanzisha Ndanda. Abasia ile leo ina hospitali inayotegemewa kusini kote, na watawa wake kwa sehemu kubwa ni Watanzania.

Hao ndio waliovuka. Walianzisha nyumba N'nango, Auasse, mkoa wa Cabo Delgado, jimbo la Pemba. Walikwenda kwa Wamakonde, watu wenye ndugu pande zote mbili za mto. Tangu Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia, eneo hilo limekuwa la moto. Mei 2020 watu wenye silaha waliivamia misheni hiyo. Watawa wanne walikimbilia msituni, wakasalimika. Oktoba mwaka huo huo vita vikavuka mto kuja kwetu, kijiji cha Kitaya kikashambuliwa, nacho kiko kwenye Ruvuma hii hii.

Kwenye kibanda cha chai nilimkuta katekista mstaafu aliyekuja kumpokea binti yake anayefanya biashara ng'ambo. Baada ya Tumsifu Yesu Kristo nikamuuliza kuhusu watawa wa N'nango. Alijua habari zao vizuri kuliko mimi niliyesoma. Nikamuuliza kama parokia yake iliwahi kuwaombea kwa kuwataja. Akanywa chai kwanza. "Baba, akija mgeni kutoka Ulaya tunampigia ngoma. Wetu akienda, tunasema kahamishwa."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu ni ya kweli hata Dar es Salaam. Padre wa Kitanzania akipangiwa kazi nje tunauliza kama ameula. Hatuoni kwamba huko Cabo Delgado ngozi nyeusi haimkingi mtu na risasi, wala kujua lugha ya wenyeji hakumpi kinga. Mmisionari mzungu wa zamani alikuwa na konseli wake Zanzibar na manuari za Malkia baharini. Hawa walikuwa na msitu.

Alasiri maji yakajaa. Kivuko kikapakia malori mawili, magunia, wanawake wenye ndoo na vijana wenye simu mkononi, kikaondoka kuelekea Namoto, upande wa Msumbiji, kwa kupinda, kikikwepa mafungu ya mchanga ambayo sasa hayakuonekana. Dereva wangu alikuwa ameshapata kiasi chake cha kutazama mto na akaanza kupiga honi.

Ombi langu ni kwa maparoko na wenyeviti wa jumuiya. Oktoba mnapogawa bahasha, mtangaze pia walikokwenda watu wetu: jina la kijiji, nchi, na hali yao ilivyo mwaka huo. Waumini wanaoweza kutaja wachezaji wote wa Simba na Yanga hawatashindwa kukumbuka N'nango.