Mnofu wa Ndani ya Mbavu: Asubuhi Moja Marikiti

Jumamosi iliyopita, baada ya kuswali alfajiri, tulivuka kivuko cha Likoni kwa miguu tukielekea Marikiti. Haja yetu ilikuwa moja: kumtafutia mama yetu nyama atakayoweza kuitafuna. Mama hana tena magego, na kwa muda sasa alikuwa akiitamani nyama ya makaa. Mara ya mwisho tulimletea steki ya bei kubwa, tukaichoma wenyewe. Baadaye tukaikuta pembeni mwa sahani, imefunikwa kwa kipande cha mkate. Hakulalamika, na kule kutolalamika kwake ndiko kulikotuuma.

Barabara ya Digo saa hiyo ina mikokoteni ya mahamali kuliko magari. Harufu ya bizari na karafuu ilitupokea kabla hatujaliona soko lenyewe. Tulisimama kwa muuza nyama mmoja wa umri wa baba zetu, tukamwamkia, tukamweleza haja yetu.

"Sheikh," akasema, "kila ajaye hapa ataka sarara. Mimi nitakupa hii ambayo wengi huniachia niisage."

Akatutolea ukanda mrefu wa nyama, mwembamba, mwekundu wa kukoza. Ni ule mnofu ulio ndani ya mbavu, unaotenga kifua na tumbo, ambao ng'ombe huutumia kila avutapo pumzi. Kwa kuwa haupumziki usiku wala mchana, nyuzi zake ni nene na ladha yake imekolea kuliko ya sarara. Lakini ukikosewa, hugeuka kamba. Ami yetu akatufunza kwamba kuna wa nje na wa ndani, na wa nje ni mnene kidogo na laini zaidi. Tuchague ulio na unene sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, wenye michirizi ya mafuta, na tusiondoke kabla hajaubambua ule utando mweupe. Aliubambua kwa kucha na ncha ya kisu, taratibu, huku wateja wengine wakinung'unika nyuma yetu.

Tulimuuliza tulipokosea na ile steki ya kwanza. Badala ya kujibu, aliulaza ukanda juu ya gogo, akapitisha kidole juu yake. "Nyuzi zaenda wapi?" Tukatazama. Zilikuwa zimekatiza upana, si kufuata urefu. Basi mtu akiukata ukanda huu vipande vya kukatiza, kama tulivyozoea sote, kila kipande hubaki na nyuzi ndefu nzima, na mwenye meno machache atazitafuna hadi Magharibi. Dawa yake ni kuukata kwanza mapande ya upana wa kiganja, kisha kuligeuza kila pande na kulikata jembamba, kisu kikikingamana na nyuzi.

Nyumbani tuliipaka thumu, tangawizi, pilipili manga, bizari nzima na kijiko cha papai bichi lililosagwa. Papai liwe la nusu saa tu. Likilala usiku kucha nyama huwa uji. Tuliifuta maji, tukaitia chumvi, na makaa ya seredani yalipokuwa mekundu kabisa tukaiweka juu ya wavu dakika tatu upande mmoja, tatu upande wa pili. Moto mdogo huikausha nyama hii kabla haijapata rangi. Kisha tuliiacha itulie dakika tano, ingawa watoto walikuwa wamekwisha kuizingira sinia.

Baadhi ya dada zetu huogopa yale maji mekundu yatokayo nyama inapokatwa. Wasiwe na shaka. Kilichoharamishwa katika Suratul-An'am, aya ya 145, ni damu iliyomwagika. Wekundu unaobaki ndani ya nyama iliyochinjwa kisheria si hiyo. Asiyeupenda aongeze dakika moja, asizidishe.

Kisu tulikishika sisi. Pande la kwanza, kwa mazoea, tulilikata vibaya, tukalila wenyewe kimya kimya. La pili tukaligeuza.

Mama alikula vipande sita kwa mkate wa mofa na ukwaju. Alipomaliza, akafuta vidole, akauliza Marikiti hufungua siku gani.