Tisa Walitii, Mmoja Akarudi

Wakoma kumi wa Luka 17 tumewasikia tangu shule ya Jumapili, na wale tisa husemwa vibaya sana mimbarani, kana kwamba walimkaidi Yesu. Hawakumkaidi. Walisimama mbali, kama torati ilivyowataka wenye ukoma, wakapaza sauti kuomba rehema. Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, kwa kuwa kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kutangaza kwamba mtu ametakasika na anaweza kurudi nyumbani kwake. Wakashika njia ukoma ukiwa bado mwilini. Hiyo ni imani, tena kubwa. Walitakasika wakiwa wanakwenda.

Basi kumi wote walitii. Tofauti ilionekana baada ya kupona. Mmoja wao, naye ni Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakutaka hata kushirikiana naye, alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, akaanguka miguuni pa Yesu. Ndipo Yesu akauliza wale tisa wako wapi.

Swali hilo linatuhusu sana sisi tuliokulia kanisani. Mtu anaweza kuhudhuria ibada kila Jumapili, akatoa zaka, akafunga Kwaresima, asikose jumuiya, na bado hajarudi miguuni pa Bwana hata mara moja. Utii wa namna hiyo, polepole, huwa deni tunalomdai Mungu: nimefanya uliyoniagiza, mbona ndoa yangu, mbona kazi yangu, mbona mwanangu? Ndivyo alivyolalamika yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu. Miaka yote alimtumikia baba yake bila kuvunja amri, kumbe moyoni alikuwa akihesabu mwana-mbuzi ambaye hakupewa.

Kinachotuzuia kurudi, naona, ni kiburi, na Biblia imekieleza vizuri kupitia mkoma mwingine. Naamani alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, kipenzi cha mfalme wake. Alifika kwa nabii Elisha na farasi na magari, akiwa na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Nabii hakutoka hata mlangoni. Alimtuma mjumbe kumwambia akaoge mara 7 katika Yordani. Naamani akawaka hasira. Kwao Dameski kulikuwa na Abana na Farpari, mito aliyoiona bora kuliko maji yote ya Israeli. Iweje mkubwa kama yeye aje kuoga huku?

Watumishi wake ndio waliomtuliza. Walimkumbusha kwamba angeagizwa jambo zito angelifanya. Kwa nini basi agomee jambo jepesi? Walimjua bwana wao. Jambo zito lingempa sifa ya kurudi nayo Dameski, lakini kuoga mtoni hakuna anayejisifia. Na tusisahau kwamba safari yenyewe ilianzia kwa binti mdogo, mateka kutoka Israeli aliyemtumikia mke wa Naamani. Mungu alimpitishia jemadari uponyaji kwa vinywa vya watu ambao hakuwa amezoea kupokea shauri lao. Nasi hujaribiwa hivyo hivyo: kuomba radhi kwa mdogo wako, kukubali kukosolewa na mfanyakazi wa nyumbani, kufagia kanisa pasipo jina lako kusomwa kwenye matangazo.

Alipokubali kuoga akapona, Naamani alirudi kwa nabii na zawadi zake zote. Elisha akakataa katakata. Gehazi, mtumishi wake, alimkimbilia mgeni huyo kwa uongo, akapata talanta 2 na mavazi 2, na ukoma wa Naamani ukamwangukia yeye. Ukali wa habari hiyo una sababu yake: neema haina bei. Leo mgonjwa akiuziwa maji na mafuta ya upako, akaambiwa aongeze sadaka ndipo Mungu amsikie, Gehazi amerudi kazini.

Shukrani ya kweli nimeiona kwenye mnada wa sadaka za mazao, nje ya kanisa, baada ya ibada. Bibi analeta mayai aliyoyafunga kwenye kanga kuukuu, anayafungua moja moja juu ya meza, na mzee wa kanisa anaanza kunadi. Anayenunua mara nyingi huyarudisha yanadiwe tena, na mwisho huenda yakapewa mjane au mgonjwa. Bibi yule halipii mvua wala hanunui baraka ya mwaka ujao. Amekuja kusema ahsante kwa alichonacho, mbele ya watu, na kutoka hapo anarudi shambani kwake.

Kielelezo chetu kikuu ni Bwana mwenyewe, na usiku mmoja unatosha kumfahamu. Usiku ule aliosalitiwa aliondoka mezani, akajifunga kitambaa, akawatawadha wanafunzi miguu, Yuda akiwamo. Alitwaa mkate akashukuru, ilhali alijua mwili wake ndio utakaovunjwa. Kisha akaenda Gethsemane, akaomba kikombe kimwepuke, na akayakubali mapenzi ya Baba. Alishukuru kabla ya msalaba, na alitii hali jasho likimtoka kama matone ya damu.

Kwa hiyo tusingoje mambo yanyooke ndipo tushukuru. Jioni ya leo, kabla ya kumpelekea Mungu orodha ya mahitaji, tumrudie kwanza kwa lile alilokwisha kutenda, tulitaje kwa jina lake, na kama alitumia mtu kulitenda, tumwendee mtu huyo naye tumshukuru. Aliyezoea kurudi hivyo hatamwona Mungu kuwa mdaiwa wake, hata siku atakapoagizwa jambo dogo lisilo na sifa, au jambo zito lisilo na maelezo.