Chaki yaharakisha hesabu za topido

Mwaka 1942 meli zilizopeleka chakula Uingereza zilikuwa zikizamishwa na nyambizi za Wajerumani. Mjini Liverpool, afisa Gilbert Roberts na wasichana wa jeshi la majini walicheza vita hivyo sakafuni kwa meli ndogo za mfano. Kila zamu ilikuwa dakika mbili. Kwa muda huo, topido ya mwendo wa maili 30 za baharini kwa saa hukata maili nzima. Ukichelewa kuandika, hesabu zinakupita. Wasichana walichora njia za meli na nyambizi palepale kwa chaki. Mchezo ukiisha, maafisa waliona sakafuni walipokosea, kabla ya kurudi baharini kulinda watu.