Kiti cha Juu ya Injini

Mteja wangu wa Uingereza alitaka maneno 1,200 kuhusu magari ya spoti yenye injini katikati ambayo mtu anaweza kuendesha kila siku. Hulipa kwa neno, hulipa kwa wakati, na hajawahi kuniuliza niko wapi. Niko Migori, chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea. Hii ndiyo kazi inayonilisha tangu nilipoacha uhandisi mitambo mwaka wa pili. Karo iliisha, kazi ikapatikana, nikaendelea na kazi. Watu hunionea huruma kwa hilo, sijui kwa nini.

Basi nikasoma. Ukisoma kuhusu haya magari hutakwepa Honda NSX, iliyoanza kuuzwa 1990. Kabla yake, gari la injini katikati mara nyingi lilikuwa kama mke wa tajiri kwenye filamu: zuri, ghali, na huwezi kulituma sokoni. Unapanda ukijipinda, nyuma huoni kitu, joto linakupikia mgongo, na fundi wake yuko nchi nyingine. Wajapani wakatengeneza lao kwa alumini mwili mzima, injini ya V6 ya lita 3.0 nyuma ya viti, kioo kipana kilichoigwa kwa chumba cha rubani wa ndege ya kivita ya F-16, halafu wakampa Ayrton Senna alijaribu pale Suzuka. Lilikuwa linawaka asubuhi kama Corolla. Gordon Murray, yule aliyebuni McLaren F1, alikuwa na lake na aliliendesha miaka kadhaa.

Sababu ya kuweka injini katikati ni rahisi, na mtu wa boda anaijua bila shule. Funga gunia la omena mwisho kabisa wa keria, uone pikipiki itakavyokuvuta mkia kwenye kona. Liweke kwenye tangi, katikati ya magoti, pikipiki inageuka unavyotaka. Uzito ukikaa katikati ya magurudumu, chombo kinatii. Na tukiwa wakweli, boda yenyewe injini yake iko hapo hapo katikati, na inafanya kazi kila siku kuliko gari lolote nililoliandikia.

Kilichonikwama ni hilo neno, kila siku. Kwa waandishi niliowasoma, kila siku ni ofisini, supamaketi, labda mfuko wa gofu kwenye buti. Kila siku yangu, au tuseme kila mwezi yangu, ni kumpeleka Mama Homa Bay. Goti lake la kulia limekwisha na presha inampanda, na daktari aliyemwanza yuko huko. Nikimwambia hata Migori kuna madaktari, ananiuliza kama hata kanisa nitambadilishia. Si mbali, haifiki kilomita 100: unapita Awendo kwenye miwa, unafika Rongo, unaacha barabara kuu ya Kisii na kushika ya kushoto inayoshuka kuelekea ziwani. Lakini matuta ni mengi, na mengine yamejengwa na watu waliochoka kuzika watoto, kwa hiyo hayana rangi wala kipimo. NSX ingeacha tumbo lake kwenye tuta la tatu.

Halafu siku moja, tukiwa Hiace ya saa kumi na mbili asubuhi, Mama kiti cha mbele cha katikati na mimi dirishani, nikahisi kitako kinapata moto. Nikacheka peke yangu. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, nyuma ya ekseli ya mbele. Kwa lugha ya vitabu, hiyo ni injini ya katikati, ikiendesha magurudumu ya nyuma. Nissan za zamani, zile zilizotulea sote, ni hivyo hivyo. Toyota Estima ya 1990 ilizidi: injini ililazwa karibu kabisa, nyuzi 75, chini ya sakafu. Wiki nzima nilikuwa naandika kuhusu hiki kitu kama ndoto ya watu wa mbali, na nimekikalia tangu darasa la tatu.

Hata kasoro ni zile zile. Waandishi hulalamika kwamba injini ya katikati haifikiki. Mwambie hayo fundi wa Hiace, ambaye kabla ya kushika plagi lazima ainue viti vya mbele, na dereva asimame kando kama mtu aliyefukuzwa kwake. Wanalalamikia kelele. Wanalalamikia sana joto. Na hapo ndipo Mama hakubaliani na wahandisi wote wa dunia, kwa sababu yeye hulitafuta hilo joto. Asubuhi goti huwa gumu kama kuni mbichi. Akikaa pale katikati, kanga imekunjwa juu ya kifuniko cha injini, tukifika Awendo ameanza kulinyoosha, tukifika Rongo anapiga hadithi na dereva. Makanga wa asubuhi wanamjua. Kiti cha mbele kwa kawaida huwekewa warembo, hilo kila mtu analijua, lakini nimeona msichana mwenye nywele za maana akiambiwa, "Madam, rudi nyuma kidogo, huyu ni mathee wetu."

Nilimsomea makala yangu kwa Kiswahili nilipoimaliza. Alisikiliza vizuri. Akauliza inabeba wangapi. Nikamwambia wawili.

"Na dereva?"

"Dereva ni mmoja wa hao wawili."

Akanyamaza kidogo. "Sasa, nyathina, mgonjwa akiwa na mtu wa kumsindikiza?"

Nikamwambia pia haliwezi kuja hapa, kwamba ile NSX ya kwanza iliacha kutengenezwa 2005 na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka minane. Akasema serikali mara moja moja hufanya jambo la maana.

Tatizo ni kwamba Hiace zinapungua kwa njia yetu, na kinachozifukuza si gari la spoti. Ni Probox. Hiace inangoja abiria 14, na saa nyingine unakaa stejini mpaka chai uliyokunywa inaisha tumboni. Probox inajaa haraka na kuondoka, kisha inaendelea kujaa njiani: wanne kiti cha kati, watu na kuku kwenye buti, na mmoja amebanana na dereva kwenye kiti chake mwenyewe hadi hujui nani ameshika gia. Injini yake iko mbele, mahali pa injini za watu wote. Siichukii. Ni gari gumu, linakula mafuta kidogo, na limewaajiri vijana niliosoma nao. Sheria za Michuki za 2004 zilitupa mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, lakini Probox ya Rongo ni nchi nyingine.

Mwezi wa nne tulifika stejini tukakuta Probox tupu. Hakuna Hiace. Kijana wa stejini akamwinua Mama kwa heshima kabisa, akamweka kiti cha kati, wengine watatu wakaingia. Goti halikuweza kukunjika vile. Hakulia. Alisema tu, "Nishusheni," kwa sauti ambayo anatumia matangani. Tulingoja Hiace mpaka saa tano, tukafika kliniki wakati wanafunga foleni. Tukarudishwa. Usiku huo akasema labda dawa alizobakisha zinatosha, hakuna haja ya kwenda kila mwezi. Kaka yangu akapiga simu kutoka Nairobi, akamwambia ahamie kwake. Akamjibu kwamba Nairobi hana wa kumzika. Nami nikafanya hesabu: teksi nzima, kwenda na kurudi, ni makala mbili na nusu. Mwezi huu wateja wameniletea tatu tu, na kodi ni moja nzima.

Sasa ninayo namba ya dereva mmoja wa Hiace, mzee wa Rongo ambaye gari lake ni kuukuu kuliko mimi kwa sura. Tumeelewana kwamba usiku wa kuamkia kliniki atalala na gari Migori, nami nimlipie viti viwili vya mbele hata kama mimi nitakaa nyuma. Kliniki ni Jumanne. Jana alinipigia kusema rejeta inavuja, ameipeleka kwa fundi, na fundi ameshainua viti.