Kazi ya Katikati

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii nimeiandika katika insha mara nyingi, lakini wapendwa wasomaji, maana yake niliijua nilipokuwa kidato cha pili.

Kwetu ni Salama, pale malori ya Mombasa hupumzika. Mama huuza chai na chapati kando ya barabara kuu. Mwaka huo mwalimu wa michezo aliniteua kuwa kiungo mkabaji. Nilinuna kweli kweli! Nani atamshangilia mtu wa kunyang'anya mipira na kuwapa wengine? Katika mechi na shule jirani niliacha nafasi yangu nikaenda mbele kusaka bao. Lo! Wapinzani walipita katikati kama ng'ombe katika shamba lisilo na ua. Tukatandikwa matatu bila jibu. Njiani hakuna aliyenisemesha, na mwalimu akaichukua jezi.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza yote dereva mmoja aliyekuwa akinywa chai. Akacheka.

"Kijana, Wanyama unamjua?"

"Ndiyo, mzee. Si ndiye alifunga Barcelona?"

"Basi unajua bao moja tu!"

Alisema kweli. Victor Wanyama aliifungia Celtic kwa kichwa tarehe 7 Novemba 2012, na Barcelona wakalala 2-1 kule Glasgow. Lakini Southampton walipomnunua mwaka 2013 kwa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, hawakuwa wakitafuta mfungaji. Walitaka mtu wa kuziba njia. Tottenham nao walimchukua mwaka 2016, na msimu huo wakamaliza wa pili. Goti lilimweka nje miezi kadhaa mwaka 2017. Aliporudi, Februari 2018, aliachilia kombora Anfield dhidi ya Liverpool hadi watu wakashika vichwa. Mwaka 2019 aliongoza Harambee Stars kule Misri kama nahodha, tukashinda Tanzania 3-2. Hata ndugu yake, McDonald Mariga, aliyekuwa Inter Milan iliponyakua Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 2010, alikuwa kiungo.

"Mama yako hapa," dereva akamaliza, "nani humpigia makofi? Na asipokuja siku moja, sisi tutakula nini?"

Nilimtazama Mama akipuliza moto, nikanyamaza.

Jumatatu nilimwomba mwalimu msamaha. Muhula mzima nilibeba maji ya wenzangu kabla ya kurudishiwa jezi. Mechi yetu ya mwisho tulishinda moja bila. Gwarideni aliyetajwa ni mfungaji, nami nikapiga makofi kama wengine. Tulipotoka, golikipa wetu alinigusa bega akasema, "Maze, siku hiyo hukuniachia kazi."

Wenzangu, sifa hiyo ilinitosha.