Marko Wetu na Marconi



Nilipofika Uingereza kusoma uhandisi mwaka 1992, fomu ya chuo iliniuliza jina la ukoo. Nyumbani kwetu mtu huandika jina lake, la baba, kisha la babu. Nikachukua la mwisho: Marko. Tangu siku hiyo jina la baba yangu, Daudi, likawa halitajwi tena.

Darasani tulisoma habari za Guglielmo Marconi, mzaliwa wa Bologna mwaka 1874, aliyefungua kiwanda cha redio Chelmsford mwaka 1898, na mwaka 1901 akatangaza kwamba amepokea ishara iliyovuka Atlantiki. Mwenzangu mmoja Mtaliana akanicheka: "Huyu ni ndugu yako!" Akanieleza kuwa Marco, jina la Mtakatifu Marko, likiongezwa -one huwa Marcone, kama sisi tunavyosema jitu badala ya mtu. Ile i ya mwisho ni ya wingi: watu wa kwa Marko mkubwa. Mtakatifu mwenyewe alikuwa msafiri hata baada ya kufa. Mapokeo yanasema mwaka 828 wafanyabiashara wa Venice waliuchukua mwili wake kutoka Alexandria, Misri, wakaufunika kwa nyama ya nguruwe ili watu wa forodha wasiuguse.

Jina nalo lilisafiri. Enrico Marconi, msanifu wa majengo kutoka Mantova, alihamia Poland, akaitwa Henryk. Alifariki Warsaw mwaka 1863, na wanawe Leandro na Władysław wakaendelea na kazi hiyo hiyo. Jina la kwanza liligeuzwa. La ukoo likabaki.

Hadithi hiyo niliisimulia kwa majivuno, mpaka baba alipokuja kututembelea. Tulimpeleka mwanangu kliniki, muuguzi akaita, "Bwana Marko!" Nikainuka. Baba akaniambia taratibu, "Marko ni baba yangu. Mimi umeniweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mzee aliyeuza ng'ombe wawili ili nipate nauli, nilikuwa nimemruka kwa kalamu yangu mwenyewe.

Baba alifariki mwaka 2009. Yule mtoto wa kliniki sasa naye ni baba. Mwanawe alipozaliwa alinipigia simu kuniuliza aandike nini. Nikamwambia, la ukoo liache, pasi zetu zote zimeshaandikwa Marko. Ila la kwanza, mwanangu, nakuomba liwe Daudi.

Ameliandika.